Mandolini ya Binti wa Kapita

Msichana alitokea kwenye ukungu wa asubuhi akiwa amebeba gogo mgongoni. Kamba ya gogo ilimkaza kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa Walikale wanavyobeba vikapu vyao. Hakuna mtu aliyekuwa akimngoja. Mukagasana, aliyekuwa akikamua ng'ombe karibu na lango la zizi, alidhani ni mmoja wa wamama wanaopanda kutoka msituni kuuza mawese, amepotea, akamwonyesha barabara kwa kidevu.

"Soko iko kule chini, dada."

"Siko natafuta soko, Mama. Natafuta kwa bale bantu ba mandolini."

"Na ile muti unabeba?"

"Njo mandolini yenyewe. Ila haiyajua bado."

Mukagasana alicheka mpaka ng'ombe akarusha mguu na kukaribia kupindua chombo cha maziwa. Akamwongoza msichana nyuma ya nyumba.

Kiwanda kilikuwa kibanda cha nyasi kilichoegemea ukuta wa jikoni. Ndani yake ndugu wawili walitengeneza mandolini, magitaa madogo ya nyuzi za waya. Mkubwa, Kanyamibwa, mume wa Mukagasana, ndiye aliyechonga na kuunganisha. Mdogo, Nzabonimpa, ambaye hakuwa ameoa, aliweka nyuzi na kuzirekebisha sauti. Katika mwaka ule wa 1952 watu wa Bihambwe hawakusema tena "kwa Kanyamibwa". Walisema "kwa mandolini," na hata mgeni kutoka mbali alifika bila kupotea.

Kanyamibwa alikuwa amejifunza useremala misheni, akitengeneza mabenchi ya kanisa, na huko ndiko alikoiona mandolini ya padri iliyovunjika. Mgongo wake ulikuwa umeundwa kwa vibao vyembamba vilivyokunjwa kwa moto. Alijaribu kukunja vibao vyake, vikavunjika vyote. Basi akachukua kisu kilichopinda cha baba yake, kile cha kuchongea vyombo vya maziwa, akachimba mgongo mzima kutoka kwenye kipande kimoja cha mti. Tangu siku hiyo mandolini zao zilikuwa na tumbo la mviringo kama chombo cha kukamulia. Aliupaka mgongo siagi kwa nje, akautundika juu ya moshi wa jikoni ili mti usipasuke, kama vile kila mwenye ng'ombe wa Masisi anavyofanya kwa vyombo vyake. Nyuzi zilitoka kwenye waya wa breki za baiskeli, uliofumuliwa uzi mmoja mmoja.

Msichana alitua gogo lake chini. Lilikuwa jekundu kwa ndani, mti wa msituni.

"Mujomba alikata kwetu Pinga," alisema. "Nilitembea na bamama ba mawese. Miguu yangu hainitaki tena."

Nzabonimpa alichuchumaa, akaligonga gogo kwa kifundo cha kidole cha mkono wa kulia. Akamwashiria msichana aweke sikio upande wa pili. Akagonga tena.

"Unasikia nini?"

Msichana alifikiri. "Kama mulango ya kanisa wakati banaifunga."

"Hata miye nasikia vile." Nzabonimpa alitabasamu. "Basi tumeisikia sisi wawili. Hii muti iko yako. Hatuwezi kuigeuza ya muntu mwingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile. Mti ukishasikika na masikio mawili, la fundi na la mwenyewe, neno limekwisha kutolewa.

"Lakini musichana na mandolini?" Mukagasana aliuliza, mikono kiunoni. "Bale bamasista banakufundisha kushona, hapana?"

"Banatufundisha kushona, Mama. Sasa banataka nifundishe batoto badogo ku shapeli ya Pinga. Banaimba kama mbuzi mu mvua. Nikikuwa na mandolini, batafuata sauti."

Hata Kanyamibwa, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alishusha randa na kufuta mdomo. Kisha msichana akamgeukia Nzabonimpa, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekuwa akijiandaa njia nzima.

"Mama yangu, Mungu amurehemu, alisemaka kuko Nzabonimpa wa Bihambwe. Alikuwa anacheza mandolini ku ndoa mpaka bazee banaacha pombe. Njo weye, Papa?"

Nzabonimpa aliuficha mkono wa kushoto chini ya kwapa, kama alivyozoea.

"Alikuwako," alijibu.

"Naomba weye njo ucheze ya kwanza."

Kanyamibwa aliinua macho. Mandolini haikutoka kwao kabla ya aliyeweka nyuzi kupiga wimbo mmoja, mzima, mbele ya mwenye kuichukua. Kama kuna kasoro, isikike nyumbani, isisubiri njiani. Lakini tangu vita, Kanyamibwa ndiye aliyefanya hivyo badala ya mdogo wake. Alijua wimbo mmoja tu wa misa, na aliupiga kama mtu anayepasua kuni. Wateja walimvumilia.

Nzabonimpa aliutoa mkono. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja na havikufunguka. Cha kati kilikuwa kigumu kwenye kiungo. Msichana aliutazama mkono ule bila kuyahamisha macho.

"Hivi mbili vinatembea?"

"Hiki kinatembea. Hiki, nusu."

"Kwa wimbo moja si vinatosha?"

Halafu Nzabonimpa akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni, na Mukagasana alisimama wima kwa mshangao kwa sababu hakuwa amekisikia tangu alipoolewa kwenye boma lile.

"Sawa," alisema. "Nitacheza. Wimbo nzima, mbele yako. Nimesema."

Mukagasana akaleta maziwa, msichana akanywa kwa mikono miwili. Kanyamibwa alichukua mkaa ili aandike jina juu ya gogo. Baadaye, kabla ya kulifunga tumbo la mandolini, jina hilo lingechomwa ndani kwa chuma cha moto, la mwenyewe na la baba yake, mahali ambapo hakuna mwizi angeweza kulifuta bila kuivunja.

"Jina?"

"Adelaïde."

"Wa nani?"

"Wa Honoré. Kapita Honoré, yule alisimamiaka barabara ya Hombo wakati ya vita. Bote banamujua."

Alisema hivyo kwa kiburi kidogo, kama mtoto yeyote anavyomtaja baba yake. Mkaa ulibaki hewani. Nzabonimpa alisimama, akatoka, akaelekea upande wa mikaratusi bila kuaga. Adelaïde alimaliza maziwa, akashukuru, akasema atarudi wamama wa mawese watakapopanda tena kutoka msituni, akaondoka akidhani kwamba watu wa milimani ndivyo walivyo, wanacheka na kunyamaza bila sababu.

*

Wakati wa vita Wazungu walitaka barabara, na kila chifu alitakiwa kutoa wanaume. Ndugu wote wawili walichukuliwa, wakapelekwa kupasua mawe katika msitu karibu na Hombo. Nzabonimpa alikuwa kijana wa kupendwa, na alikwenda na mandolini yake mgongoni kana kwamba anakwenda harusini. Saa ya kupumzika alipiga, watu wakaimba, na siku moja waliimba kupita filimbi ya kurudi kazini.

Kapita Honoré, msimamizi wao, hakupiga kelele. Wote waliokuwako walilikumbuka hilo kuliko yote. Alikuja polepole, akasema kwa upole aone mkono unaocheza vizuri namna hiyo. Akamwambia Nzabonimpa auweke juu ya jiwe. Kisha akautumia mpini wa sururu.

Kanyamibwa alikuwa hatua chache tu kutoka pale, kikapu cha kokoto kichwani. Alisimama nacho kichwani mpaka mambo yakaisha. Hakukitua. Mtu angedhani kwamba mwenye hasira kubwa katika nyumba ile ni Nzabonimpa, lakini haikuwa hivyo. Nzabonimpa alilia mara moja tu, akaapa hatapiga tena mbele ya watu, akatafuta kazi ya nyuzi. Kanyamibwa ndiye aliyechemka mwaka baada ya mwaka, kwa sababu yeye alikuwa na mikono yote miwili.

Jioni ya siku ile aliyokuja Adelaïde, Nzabonimpa aliporudi kutoka kwenye mikaratusi alimkuta kaka yake jikoni, gogo jekundu mikononi, shoka miguuni.

"Unafanya nini?"

"Shemeji yako amekosa kuni."

"Sijakosa kuni miye," Mukagasana alisema. "Musiniingize."

"Tua hii muti, kaka."

"Nitaitua mu moto. Yule mushenzi alikuvunja, leo anatuma binti yake tumuchongee! Tukunje mugongo kwa ajili ya nyumba yake! Hajui aibu?"

"Yeye hajui kitu. Binti pia hajui."

"Basi ajue! Akirudi nitamwambia: mandolini yako iko majivu, uliza baba yako sababu."

"Niliisikia ile muti na yeye. Niliambia mutoto nitacheza."

"Ulisema kabla ya kujua!"

"Nilisema." Nzabonimpa alimnyang'anya gogo kwa mkono wa kulia, akalibana kifuani. "Unafikiri miye sina hasira? Naitapika hii hasira tangu asubuhi kule mu miti. Lakini yule muntu alichukua vidole yangu. Weye sasa unataka nimupatie na kinywa yangu? Siku Honoré ataniita muongo, nimujibu nini?"

"Mujibu kwa ngumi."

"Ngumi gani?" Nzabonimpa aliuinua mkono wa kushoto mbele ya uso wa kaka yake. "Hii?"

Kanyamibwa alitoka nje, akaupiga mlango hata udongo ukadondoka ukutani. Kwa siku kadhaa ndugu wale walifanya kazi wakipeana migongo. Mmoja alipohitaji patasi aliyokuwa nayo mwingine, alimwambia Mukagasana, na Mukagasana aliishiwa na uvumilivu. "Nyinyi ni kama mafahali mbili mu zizi moja," aliwaambia, "na miye njo nyasi munakanyaga."

Halafu asubuhi moja Kanyamibwa aliingia kiwandani, akachukua kisu kilichopinda, akaanza kuchimba lile gogo jekundu. Alichimba vizuri, kama alivyochimba siku zote, akigeuza kazi mwangani na kupima unene wa mbao kwa vidole viwili. Nzabonimpa alimtazama kwa muda, akashukuru moyoni.

Jambo moja tu Kanyamibwa alilikataa. "Lile jina sitaliandika."

Basi Nzabonimpa alilichoma mwenyewe. Alitia njiti ya gurudumu la baiskeli motoni mpaka ikawa nyekundu, akainama juu ya tumbo tupu la mandolini. ADELAÏDE, hilo lilikuwa rahisi. WA, pia. Kisha akafika kwenye H, na chuma kikapoa mkononi mwake, ikabidi akirudishe motoni. Alilichoma jina la Honoré herufi baada ya herufi, moshi ukimwingia machoni, huku akiitukana kila herufi kwa matusi ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya shemeji yake. Alipomaliza jasho lilikuwa limemlowesha. Lakini herufi zilikuwa zimenyooka.

Kanyamibwa akaweka uso wa mandolini, kile kibao bapa cha juu, juu ya tumbo, akaubandika kwa gundi aliyoichemsha kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe, akaufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli vilivyozungushwa mara nyingi. Ilipokauka, alimsukumia mdogo wake bila kumtazama.

"Chukua. Weka nyuzi."

Nzabonimpa aliiweka magotini. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia, nyekundu kama udongo wa njia ya Pinga. Alianza kuigonga kandokando, kama alivyofanya kwa kila mandolini, kifundo cha kidole kikifuata mzunguko wa uso. Sauti ilikuwa safi, safi, safi, kisha upande wa chini ikazima. Akarudi nyuma. Ikazima palepale. Akaileta puani, kwenye mstari ambapo uso na tumbo vinakutana.

Ilinuka siagi.

Hakuna fundi mwingine duniani ambaye angefanya kosa hilo, na kwa Kanyamibwa halikuwa kosa. Alikuwa ameupaka mdomo wa tumbo siagi, pale pale ambapo gundi inapaswa kushika, kama mtu anayelainisha mdomo wa chombo cha maziwa. Kwenye baridi ya Bihambwe gundi ingejishikilia kwa muda. Kule chini msituni, kwenye joto na unyevu usiokauka, uso ungefunguka wenyewe.

Nzabonimpa alimkuta kaka yake zizini.

"Kwa nini?"

Kanyamibwa hakujifanya haelewi. "Nilitaka ifunguke kule kwao. Mbele ya batoto yake, mbele ya baba yake. Nilitaka bacheke binti ya kapita."

"Na banauliza nani alitengeneza? Banasema nani?"

"Baseme wanavyotaka!"

"Banasema siye!" Nzabonimpa alipaza sauti hivi kwamba ng'ombe waliinua vichwa. "Tangu lini tunatuma kitu ya uongo kutoka humu? Miye nilisimama juu ya ile moto, nikaandika jina ya muntu alinivunja, nikaandika vizuri, kaka, vizuri! Na weye uko unapaka mafuta kama muchawi! Unanilipia deni? Nani alikutuma?"

"Nilikuona!" Kanyamibwa naye alipaza sauti, na sauti yake ikapasuka katikati. "Nilikuwa pale na kile kikapu! Niliona ile sururu inapanda na inashuka, na sikutua hata kikapu! Unafikiri nalala miye?"

Katika miaka yote ile hawakuwa wamewahi kukitaja kikapu.

"Hakuna muntu alikuomba ukitue," Nzabonimpa alisema, bado kwa ukali, kwa sababu hasira haikuwa imepata mahali pengine pa kwenda. "Bangekuvunja na weye. Nani angetuchongea?"

Akageuka, akarudi kiwandani. Aliupitisha ubapa wa kisu kwenye mstari, na uso wa mandolini ukafunguka kwa urahisi wa kutia aibu. Akaukwangua mdomo wa tumbo mpaka ukabaki mti mtupu. Akauosha kwa maji ya majivu, akaanika, akanusa, akaosha tena. Mkono wa kushoto haukuweza kushika, akabana kazi kwa magoti. Alipokuwa akivuta mpira wa baiskeli kuzunguka tumbo, ncha ilimponyoka mara kwa mara, na kila mara alianza upya akiuma meno.

Mara ncha ikashikwa na mkono mwingine. Kanyamibwa alikuwa amechuchumaa mbele yake, uso umefura, macho chini. Walifunga pamoja. Hawakuwa wamepatana. Ni kwamba kazi ile ilihitaji mikono mitatu.

Siku zilizofuata, maziwa yakishakamuliwa, Nzabonimpa alikwenda kwenye mikaratusi na mandolini nyingine, kuukuu. Waya wa breki ulimkata. Kidole kilichokuwa kizima kilikuwa kimesahau kazi yake, ngozi imelainika, na kile cha nusu kiligonga uzi usio wake. Alirudi akiwa amekunja uso. Mukagasana alimwekea maji ya chumvi.

*

Adelaïde hakurudi na wamama wa mawese. Alirudi na baba yake.

Ilikuwa saa ambayo majirani huja kuchukua maziwa, na ua ulikuwa na watu. Kapita Honoré alikuwa amenenepa. Alivaa kofia ya kaki na viatu, na alitembea na fimbo kwa sababu ya goti. Alisalimia kila mtu kwa adabu, akamwita Mukagasana "Mama," akamkabidhi debe la mawese, malipo ya kazi, akasifu ng'ombe.

"Binti yangu anasema munafanya kazi nzuri," alisema. "Fundi njo nani?"

"Siye wawili," Kanyamibwa alijibu. Alikuwa ameshika patasi na hakuiweka chini. "Munajuana na huyu mudogo wangu."

Honoré alimtazama Nzabonimpa kwa tabasamu la mtu anayetafuta jina. "Samahani, Papa. Uso siikumbuki."

"Angalia mukono, basi," Kanyamibwa alisema.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Honoré aliutazama mkono, akatazama uso, akatazama tena mkono, na ilikuwa wazi kwa kila mtu uani kwamba alikuwa anatafuta na haoni. Hakuwa anajificha. Alikuwa amesahau.

Nzabonimpa alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, kwa ubishi, kwa dharau, hata kwa kuombwa msamaha, ambao aliuogopa zaidi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Hombo," alisema. "Juu ya jiwe. Na mpini ya sururu."

"Ah." Honoré alivua kofia, akafuta paji la uso. "Ile wakati... Nilikuwa na bantu wengi, ndugu yangu. Na miye juu yangu kulikuwa na Muzungu. Sisi bote tulitumwa."

"Muzungu hakukuwa pale siku ile," Kanyamibwa alisema. "Alikuwa amelala na homa. Weye njo ulikuwa pale."

Adelaïde alimshika baba yake mkono wa shati.

"Papa? Njo weye ulimufanya vile?"

"Mambo ya vita, Adela. Si ya kuongea mbele ya bantu." Akawageukia ndugu wale. "Tunashukuru kwa kazi. Mawese mumepata. Mutupe mandolini, njia ni ndefu."

"Papa, nakuuliza."

"Nimesema twende!"

Nzabonimpa alikuwa ameingia kiwandani. Alitoka na mandolini nyekundu na kigoda, akakiweka kigoda katikati ya ua, akakaa.

"Haijachezewa," alisema.

"Haina lazima," Honoré alijibu haraka.

"Haitoki hapa haijachezewa. Nilimwambia mutoto."

Adelaïde alikuwa analia. "Papa Nzabonimpa, acha. Sikujua. Nilikuomba bila kujua. Nakurudishia ile neno, basi."

"Haiko yako ya kurudisha," Nzabonimpa alisema, na alisema kwa ukali kuliko alivyotaka. "Simama pale usikie. Kama kuko mubaya, useme."

Akauweka mkono wa kushoto kwenye shingo ya mandolini, mbele ya majirani waliokuwa wamemjua miaka yote na tangu vita hawakuwa wameuona ukifunguka. Ulikuwa mbaya kuutazama. Vidole viwili vilivyokufa vilichomoza chini kama miguu ya kuku. Kijana mmoja aliyekuja na kibuyu alipuliza kicheko puani, mama yake akampiga kibao.

Alianza wimbo wa zamani wa harusi, ule wa kumsindikiza bibi harusi anapotoka kwao, ambao kila mtu wa vilima vile anaujua. Aliupiga polepole kuliko unavyopigwa. Kidole kimoja kilikimbia kufanya kazi ya vitatu na mara nyingine kilichelewa, na pale kilipochelewa palibaki shimo, na watu walisikia shimo. Hakuwa Nzabonimpa waliyemkumbuka. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko wao, na shingo yake ilikaza kwa aibu, lakini hakuinamisha uso. Alikuwa akimtazama Honoré.

Alikuwa amefika katikati Honoré alipoinua fimbo kidogo.

"Inatosha, Papa. Tumesikia. Ni nzuri."

Nzabonimpa alisimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Wimbo nzima," alisema. "Ukikata, si nzima tena."

Akarudi mwanzo.

Sasa hakuna aliyecheka. Waya wa breki ulikuwa umefungua jeraha la siku zile, na mstari mwembamba wa damu ulishuka kwenye shingo ya mandolini. Mukagasana alitaka kusogea na kitambaa, mumewe akamzuia kwa mkono. Honoré alitazama zizi, akatazama barabara, akatazama viatu vyake. Kuna wakati alifungua mdomo. Binti yake, uso umelowa, alimgeukia na kumwambia kwa sauti ndogo ambayo ua mzima uliisikia:

"Ukisema, ataanza tena."

Honoré akafunga mdomo. Akasimama pale, kofia mkononi, juani, kama mtu aliyeamriwa. Bibi mmoja mzee alianza kuufuata wimbo kwa sauti ya puani bila maneno, kisha mwingine, si kwa ajili ya kusaidia, ila kwa kuwa wimbo ule ukipigwa ndivyo watu wanavyofanya. Penye mashimo, sauti zao zilipita juu yake. Nzabonimpa alifika katikati, akapita pale alipokatwa, akaendelea, akakosea, akaendelea, mpaka bibi harusi wa wimbo akafika kwa wakwe zake na hapakubaki kitu cha kupiga.

Aliifuta shingo ya mandolini na nyuzi kwa upindo wa shati lake, polepole, uzi baada ya uzi. Hakumpa Honoré mkono, wala Honoré hakuthubutu kunyoosha wake. Alisimama mbele ya Adelaïde.

"Umesikia mubaya?"

Msichana alitikisa kichwa kukataa.

"Ule uzi ya tatu utalegea kidogo njiani. Uikaze ukifika," alisema. "Imechezewa. Chukua."